Kitufe Kiko Nyuma ya Kikombe cha Chai

Watu wa mifumo wana sentensi moja ambayo nikiisikia kwenye simu natafuta kiti nikae: "Mbona kwangu inaonekana, mzee?" Huisema kwa upole, tena kwa huruma, huku nyuma yake nasikia feni inazunguka na mtu anaagiza chipsi mayai. Sibishi. Kwake inaonekana. Kitufe ninachokitafuta mimi Bunda, yeye anakiona vizuri kabisa akiwa Mwanza.

Shemeji yangu ana maduka matatu ya pembejeo. Kubwa liko Musoma mjini, Mukendo. La pili liko Bunda, si mbali na stendi, na la tatu ni kaduka kadogo Butiama. Tunauza mbegu, dawa ya pamba, pampu za kunyunyizia, dawa ya kuogesha ng'ombe, na chanjo ya kideri kwa wenye kuku. Mimi natunza hesabu. Miaka yote tulikuwa na kauntabuku, na kauntabuku ina heshima yake: ukiitoa Musoma ukaipeleka Butiama, mstari wa mwisho wa ukurasa unaukuta palepale ulipouacha. Haikudai inchi.

Kisha shemeji akaenda harusini Mwanza, akakalishwa meza moja na mfanyabiashara anayejua kila kitu kuhusu duka lake kwa kutazama kompyuta. Akarudi na namba ya simu ya dogo mmoja wa mifumo.

Mfumo ulipokamilika tulikwenda Mwanza kuuona. Sikatai, ulipendeza. Dirisha lilijaa kioo chote cha inchi 24: kushoto orodha ya bidhaa, katikati bei na idadi, kulia jumla na deni la mteja. Chini kulikuwa na kitufe cha kijani, HIFADHI, na ubavuni pake, kwa sababu ambazo dogo hajanieleza hadi leo, kitufe chekundu, FUTA YOTE. Shemeji akalipa palepale. Dogo akahesabu hela mara mbili, akatupa mkono. Hakuuliza hata kwa bahati mbaya kwamba huko Bunda mna kioo gani.

Bunda tuna monita ya mraba, inchi 15, ya mtumba, iliyoingia nchini kwenye kontena pamoja na wenzake baada ya ofisi fulani huko Ulaya kuichoka. Upana wake ni pikseli 1024 na urefu 768. Cha dogo ni 1920 kwa 1080. Sasa, dogo alipokuwa anapanga vitufe alivikokota kwa mausi mpaka macho yake yakaridhika, na kompyuta ikaandika kwa uaminifu: HIFADHI ikae pikseli 900 kutoka juu. Amri hiyo ikapanda basi ndani ya flashi mpaka Bunda. Kompyuta ya Bunda ni tiifu kupita kiasi. Ikakipeleka kitufe pikseli 900 kutoka juu, kwenye kioo kinachoishia 768. Nimepiga hesabu kwa rula ya mtoto: kitufe chetu kinaelea hewani sentimita nne chini ya ukingo wa kioo, nyuma ya kikombe cha chai cha dada wa kaunta. Bofya uone.

Dada yule ana moyo. Aligundua mwenyewe kwamba ukibonyeza Tab unahama kutoka kisanduku hiki kwenda kingine, hata visivyoonekana. Basi akawa anahesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, akifika kumi na moja anabonyeza Enter na mauzo yanaingia. Kumi na mbili ni FUTA YOTE. Kwa hiyo mteja akiingia na kumwamkia akiwa kwenye tisa, haitikii, hata awe mzee wa kanisa. Mji mzima wa Bunda sasa unajua kwamba binti wa lile duka la pembejeo ana majivuno.

Butiama ndiko kwenye maajabu. Kule tuna kilaptopu cha inchi 10, katika vile vilivyovuma mwaka 2008 na 2009 halafu vikapotea sokoni. Pikseli 1024 kwa 600. Kijana wetu wa kule alikuwa anacheza na kibodi siku ambayo hakuna mteja, akabonyeza Ctrl, Alt na mshale kwa pamoja, picha yote ikalala ubavu. Mwingine angeogopa. Yeye akakisimamisha kilaptopu nacho kwa ubavu, akakifungua wima, na ghafla urefu ukawa 1024. HIFADHI hiyo hapo! Ila upana umebaki 600, na bei zimeingia mafichoni. Basi anajaza bei kikiwa kimekaa kawaida, anakiinua wima, anahifadhi, anakilaza tena. Na kikiwa wima ile sehemu ya kugusia nayo imelala, kwa hiyo akitaka mshale upande juu anapeleka kidole pembeni. Siku za ziara, mabasi ya wanafunzi yanayokwenda Mwitongo kuona kaburi la Mwalimu na makumbusho yake husimama hapo jirani wanunue maji. Watoto wanamkuta mtu mzima amekumbatia kompyuta kifuani, kidole kinatambaa kushoto, macho yanaangalia juu. Mwalimu wao huwaharakisha.

Utasema basi Musoma kuna nafuu, maana shemeji alinunua kioo sawasawa na cha dogo. Nafuu ilikuwepo mpaka alipokaa mwenyewe. Shemeji ana umri wake, na miwani huwa anaisahau kwenye gari. Akataka herufi zikuzwe. Windows ina mahali pa kukuza kila kitu, asilimia 125 au 150. Akachagua 150, maana hapendi vitu vya nusunusu. Hesabu yake ni ya shule ya msingi: 1920 gawanya kwa moja na nusu ni 1280, na 1080 gawanya kwa moja na nusu ni 720. Kioo cha inchi 24, cha bei ya ndama, kikawa na urefu mdogo kuliko ile monita ya mtumba ya Bunda. HIFADHI ikatoweka na Mukendo pia.

Dogo akapigiwa. Akasema kwake inaonekana. Kisha akasema tununue monita kubwa zaidi. Kisha, shemeji alipomtajia jina la yule mfanyabiashara wa harusini, akasema atarekebisha. Alirekebisha akiwa kwao, kwa kukisia: herufi zikue, visanduku visikue. Na hapo ndipo aliponiletea mzee wa ng'ombe.

Mzee huyu anadaiwa shilingi 1,250,000, dawa ya kuogesha na pampu mbili, deni la haki na analijua. Siku hiyo alikuja kuuliza amebakiza kiasi gani. Shemeji, kwa raha ya mtu mwenye mfumo, akamgeuzia kioo aone mwenyewe. Herufi zilikuwa zimenenepa, kisanduku kimebaki chembamba, na kilichoonekana ni DENI: 1,250. Sufuri tatu za mwisho zilikuwa ndani ya ukuta. Mzee akavaa miwani (yeye haisahau), akasoma taratibu, akaipangusa, akasoma tena. Akatoa noti ya elfu mbili akaniwekea mkononi. "Chenji kaa nayo, mura." Akaanza kutoka. Tulimfuata mpaka nje, shemeji akieleza kwa mikono kwamba kuna sufuri hazikupata nafasi, na mzee akitikisa kichwa kwa upole kwamba yeye amesomeshwa kusoma kilichoandikwa. Alirudi ndani nilipotoa kauntabuku.

Kinachonichosha ni kwamba ugonjwa huu dawa yake ipo, tena ya siku nyingi. Java ilipotoka mwaka 1996 ilikuja na vipangaji ndani yake: unaiambia kitu hiki kikae juu, hiki chini, hiki katikati, na dirisha likinyooka ni ile katikati inayonyooka. Zana anazotumia dogo, Windows Forms za Microsoft, zilitoka 2002 zikiwa na kitu kinachoitwa nanga. Kila kitufe kikizaliwa hufungwa nanga mbili, juu na kushoto, na ukikiacha hivyo kitakaa umbali uleule kutoka juu hata kioo kiishe. Ukitaka kiandamane na ukingo wa chini, unakifunga chini. Mvuvi wa Mwigobero hahitaji semina kuelewa hilo. Mtumbwi anaufunga anakotaka uukute asubuhi. Dawa hii na dogo ni rika moja, lakini hawajawahi kukutana.

Na msinielewe kwamba nataka kila kitu kikue. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndiyo maana haifai kuachiwa kompyuta. Kwenye duka la pembejeo kinachostahili kunyooka ni orodha ya bidhaa, maana ina mistari mia na zaidi. Kitufe kikae na umbo lake. Kisanduku cha deni kisome kwanza namba ndefu kuliko zote za wadaiwa wetu, kisha ndipo kijipimie upana. Nafasi ikibana, orodha ndiyo ipungue na mtu aisogeze juu na chini, HIFADHI isiguswe. Na kama kioo ni kidogo kiasi kwamba haiwezekani kabisa, mfumo useme wazi ukifunguliwa, kuliko kutuacha tunabofya chai.

Nilimwambia shemeji asimpigie dogo simu nyingine. Dogo aje. Akaja kwa basi mpaka Bunda, nikamwacha amwangalie dada akihesabu, akamwamkia akiwa kwenye nane, hakuitikiwa, akaumia. Tukapanda hiace, tukashuka Makutano, tukashika ya Butiama. Nikamkalisha mbele ya kilaptopu. Ilikuwa siku ya chanjo, na kina mama wa kuku walishapanga foleni mpaka barabarani. Mimi nikachukua soda nikakaa kwenye kreti.

Alifungua mfumo wake. Akautazama. Akaanza, "Mbona kwa...", halafu akaimeza mwenyewe bila mtu kumsaidia. Akajaribu kulivuta dirisha kwa mausi lipande juu, likapanda hadi kichwa chake kikagonga ukingo, likarudi. Akatafuta kitufe kwa Tab, akapitiliza. Orodha ya mama wa kwanza ikafutika yote.

"Mwanangu," mama akamwambia, "chanjo yangu inapata joto. Andika hata kwenye karatasi."

"Subiri kidogo, mama, ni mfumo tu."

"Mfumo ndiyo nani? Mwite."

Kijana wetu wa Butiama akakichukua kilaptopu bila kusema neno, akajaza upya, akakiinua wima, akahifadhi, akampa mama risiti yake. Dogo aliangalia kitendo kile kwa muda mrefu. Nadhani ni mara ya kwanza kuona kazi yake ikitumika.

Usiku ule, gesti, hakulala, na mimi chumba cha pili nilimsikia akigonga kibodi. Toleo la kwanza la asubuhi lilikuwa na mwambaa wa kusogeza kulia kwa dirisha, mwingine chini yake, na mwingine ndani ya orodha. Ukisogeza huu unakwenda ule. La pili lilikuza kila kitu kwa uwiano, jambo ambalo Butiama lilitoa herufi za kusomwa na siafu, na Musoma likatoa HIFADHI yenye upana wa mlango, na FUTA YOTE nayo ikanawiri vilevile kando yake. Shemeji aliogopa kushika mausi. La tatu ndilo lilikaa sawa. Nanga chini, orodha inanyooka, deni linaonyesha sufuri zake zote. Dada wa Bunda ameacha kuhesabu na anaitikia salamu, ingawa watu hawamwamini bado.

Musoma hii ndiko TANU ilikotoa Azimio la Musoma mwaka 1974, kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote wa nchi. Naomba wakubwa wakipata nafasi warudi watoe jingine, fupi tu: mfumo wowote, kabla haujauzwa, ukae kutwa nzima kwenye kioo kidogo kuliko vyote alivyonavyo mnunuzi, autumie yule yule aliyeuandika, na foleni iwepo. Kina mama wa kuku tutawatoa sisi.

Sijui kwa nini niliamini mambo yameisha. Wiki hii shemeji amenunua televisheni ya kuweka ukutani Mukendo, ili wateja waone bei wakiwa mlangoni. Ni ya 4K, pikseli 3840 kwa 2160, na fundi aliyeifunga ameiacha kwenye asilimia 100. Nimegundua kwamba dogo, baada ya mkasa wa kitufe chenye upana wa mlango, aliliwekea dirisha kikomo lisizidi 1920 kwa 1080. Limekaa kwenye kona ya juu kushoto, robo kamili ya kioo. Wateja wanasogea mpaka pua inakaribia kugusa ukuta ili wasome bei ya mbegu. Shemeji alisimama katikati ya duka, mikono kiunoni, akaniita.

"Shemeji, mimi nimelipia televisheni nzima. Hizi robo tatu nyingine ni za nani?"

Kabla sijajibu, binti wa kaunta alikuwa ameshapanda kwenye stuli na kubandika kalenda ya mbegu kwenye ile sehemu tupu.