Paka wa Mpakani na Madaktari Wake

Hapa Malaba kila mtu ni daktari, mradi mgonjwa awe paka wa mwenzake. Ng'ombe akikohoa, daktari wa mifugo anapigiwa simu usiku wa manane. Paka akikohoa unaambiwa, "Mwache, si ana roho ya paka?" Na ndiye mlinzi wa magunia ya mahindi yanayovuka kutoka Uganda, mshahara wake vichwa vya omena.

Dume wangu alianza kuchuchumaa kwenye mchanga wa mafundi. Anafukua, anakamua, analia, halitoki hata tone; kidogo tu, karudi palepale. Mama mwenye nyumba akakata shauri: amefunga choo, mnyweshe mafuta ya kupikia. Dereva mmoja wa lori, ambaye foleni ya forodha ilikuwa imempa muda wa kusomea udaktari, akanitolea Panadol. Nikakataa. Ini la paka haliiwezi dawa hiyo, na kidonge kimoja chatosha kumuua. Muuza dawa za mifugo naye akashika chupa ya kuogeshea ng'ombe, ati tuanze na viroboto! Baadhi ya dawa hizo ni sumu kali kwa paka.

Nikamtia kikapuni, tukapanda matatu hadi Busia. Daktari akampapasa tumbo. "Mzee, huyu hajafunga choo. Mkojo umeziba." Kibofu kilikuwa kigumu kama ndimu. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba. Chembechembe zikiiziba, sumu hurudi kwenye damu, na kwa siku moja au mbili moyo unaweza kusimama. Yeye akapitishiwa mpira mwembamba, mimi nikapitishiwa bili. Jirani aliposikia bei akauliza kwa nini nisichukue paka mwingine sokoni, bure.

Sasa wapita njia huniuliza mimi. Katapika nywele, lakini anakula na kucheza? Mwache. Hajala siku nzima? Mpeleke. Anahema mdomo wazi? Kimbia. Maziwa? Paka wengi wazima huwaharisha.

Kichaa cha mbwa nacho hakibagui, paka hukipata na kumwambukiza mtu. Kenya imelenga kukomesha vifo vyake ifikapo 2030, lakini paka wa huku huvuka Uganda na kurudi bila kitambulisho. Chanja wako. Akikuuma wa mtaani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali ukadungwe chanjo. Mwenye paka mtamtafuta baadaye.