Namna ya Kuwasha Gari Lililogoma Mbele ya Wakwe

Ndugu yangu, gari la otomatiki likigoma mbele ya watu, usikubali lisukumwe. Kusukuma ni kwa gari lenye klachi. Hili utalisukuma hadi Chalinze na bado halitawaka. Kuna njia fupi, na heshima yako itabaki.

1. Tulia. Zungusha ufunguo hadi mwisho, usikilize. Taa za dashibodi zikififia, hiyo ni betri. Omba waya za kubustia na usijipe ufundi. Lakini zikibaki kali huku starta ikiwa kimya kabisa, hata mlio mmoja hakuna, mshukiwa wa kwanza ni swichi ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi. Kazi yake ni kuzuia umeme usifike kwenye starta mpaka gia iwe kwenye P au N.

2. Hapa ndipo penye ujanja. Vuta hendibreki, kanyaga breki, weka N, washa. Likiwaka, usishangilie. Sema taratibu, "Nilijua ni swichi." Likikataa, rudisha P, shikilia ufunguo kwenye kuwasha, na kwa mkono mwingine tikisa mpini wa gia bila kuutoa kwenye P. Aghalabu shaba za ndani ya swichi zimechakaa, au zimeingiwa maji siku ile ulipoosha injini kwa presha ili ing'ae. Mtikiso mdogo tu huzikutanisha.

3. Mtume shemeji nyuma ya gari, kando kidogo. Ufunguo ukiwa kwenye ON na injini imezimwa, weka R. Katika magari mengi swichi hiyohiyo ndiyo inayowasha taa nyeupe za rivasi. Zisipowaka, umepata ushahidi, na shemeji amepata kazi.

4. Fungua boneti. Usikodolee injini nzima, watakuona macho yanavyotangatanga. Tafuta kebo inayotoka kwenye mpini wa gia, uifuate hadi inaposhika mkono mfupi wa chuma kwenye giaboksi. Swichi imekaa papo hapo. Kwenye Toyota ndogo nyingi ni upande wa betri, chini kidogo. Chomoa plagi yake, ipulize, irudishe hadi isikike ikibana. Watazamaji hupenda sana kuona mtu akipuliza, na plagi iliyolegea kweli hupona hivyo. Kisha jaribu bolti zinazoishika swichi. Zikilegea, swichi huzunguka kidogo na kupoteza N yake: weka gia N, linganisha alama, kaza.

5. Atatokea mtu wa kukunong'oneza: unganisha waya mbili pale, usahau swichi. Mkatalie. Mimi napenda njia za mkato, lakini hii inaua. Gari lililorukwa swichi huweza kuwaka likiwa kwenye D na kuruka mbele papo hapo, na mbele ndipo wanaposimama watoto na fundi aliyeinama. Wewe washa kwa N yako mpaka gereji.

6. Dukani nenda na swichi kuukuu mkononi. Hesabu pini za plagi, linganisha matundu ya bolti, ndipo uulize bei. Muuzaji atakuita fundi. Itikia.