Wenye Riahi Wajibiwa

Barua za mwezi huu, ijapokuwa zimetoka miji mbalimbali na kuandikwa kwa hati mbalimbali, nyingine nzuri na nyingine za kuhuzunisha, karibu zote zinalalamikia tumbo, na karibu zote zinauliza juu ya unga wa mitishamba ya Ayurveda, tiba ya kale ya Bara Hindi. Tumechagua tatu. Waandishi wake wametumia majina ya kujificha, nasi twayaheshimu.

Bi Tumbo Ngoma, wa Mombasa, aandika: "Kila nikila tumbo hujaa gesi hata kanga hainikai kiunoni. Nimenunua Marikiti unga wa triphala na ule uitwao hingvashtak, natumia vyote viwili asubuhi, mchana na usiku, kijiko cha kulia kizima, na nikizidiwa huongeza. Gesi ipo palepale, na juu yake sasa nakwenda chooni mbio. Je, nibadilishe duka?"

Bibi mtukufu, mwenye duka hana hatia. Triphala ni unga wa matunda matatu yaliyokaushwa, yaani haritaki, bibhitaki na amalaki, ambao matabibu wa Kihindi kwa karne nyingi wamewapa watu waliofunga choo, aghalabu usiku kwa maji ya vuguvugu. Na mtu anayeunywa kutwa mara tatu kwa kijiko cha kulia, kisha akastaajabu kwa nini anakwenda chooni mbio, ni sawa na aliyefungua mfereji akauliza maji yanatoka wapi. Uache, angalau mpaka choo kitulie.

Hingvashtak ndiyo hasa iliyokusudiwa riahi. Ndani yake mna vitu vinane: tangawizi kavu, pilipili manga, pilipili ndefu, mbegu za ajwain au jamaa yake, bizari nyembamba, bizari nyeusi, chumvi ya mawe, na mvuje, ule utomvu wa mizizi ya mmea uotao Uajemi na Afghanistan, ambao bibi zetu wa pwani waliufunga katika hirizi za watoto ili mashetani wasiwasogelee. (Kwa harufu ile, shetani mwenye pua timamu hana budi kuhama.) Lakini kitabu cha Ashtanga Hridaya, kilichouandika mchanganyiko huu zamani sana, hakikusema uliwe kwa kijiko cha kulia huku umesimama mlangoni, kiliagiza uchanganywe na samli na kuliwa pamoja na tonge la kwanza la chakula. Ukitaka kuona hekima yake, tia samli kidogo katika kikaango, ikishapata moto dondosha mvuje usiozidi punje ya dengu, uukoroge upesi: harufu iliyokuwa ya kitunguu saumu kilichooza hugeuka ikawa ya kitunguu kilichokaangwa vizuri. Mimina juu ya mchuzi, ule. Kiasi hicho chatosha. Tena fahamu kwamba mvuje mwingi wa madukani umechanganywa na unga wa ngano, kwa hiyo ambaye ngano humdhuru atazidi kuvimba kwa dawa ileile. Na mwenye mimba, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asiutumie kama dawa kabla ya kumwuliza daktari.

Utauliza kama yote haya yamethibitishwa. Uchunguzi uliokwisha kufanywa juu ya mchanganyiko huo ni mchache na mdogo, nasi hatukuahidi miujiza. Lililo wazi zaidi limo katika mstari wa mwisho wa barua yako, uliouandika kwa herufi ndogo kana kwamba hatutauona: kwamba chakula chako cha usiku ni maharage na kabichi, saa nne, pamoja na soda baridi. Maharage yana aina ya sukari ambayo utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuivunja, basi hushuka mpaka utumbo mpana, na huko vijidudu waliotungoja huila kwa furaha na kutoa gesi. Yaloweke usiku kucha, uyamwage maji yale, uyapike kwa maji mapya, soda uiache, chakula ukitangulize mapema. Charaka mwenyewe, ambaye kitabu chake ni nguzo ya Ayurveda, kabla ya kutaja jani lolote alitaka mtu ale chakula cha moto, kwa kiasi, baada ya kile cha kwanza kusagika, bila haraka, na bila kuzungumza wala kucheka. Sharti hili la mwisho twakiri kwamba kwa mji wa Mombasa ni zito.

Mkwe Mwenye Haya, wa Tanga, aandika: "Tunakaa kwa wazee wa mke wangu, chumba kimoja na sebule. Riahi naizuia tangu magharibi hadi wenyeji walale. Kuna mti wa kuninyamazisha?"

Mwanangu, hakuna, na huo uzuiaji ni sehemu ya ugonjwa. Charaka alihesabu haja za mwili 13 ambazo haifai kuzizuia, na riahi imo humo pamoja na chafya, miayo, usingizi na machozi. Juu ya wakwe hakusema neno. Basi kila baada ya chakula toka nje utembee robo saa. Utasifiwa kwa kupenda hewa safi, na kutembea nako huisaidia gesi ishuke.

Msafiri, wa Maskati, aandika: "Nimeuziwa unga wenye majivu ya madini, nikaambiwa ni wa asili, kwa hiyo hauna madhara. Tangu niuanze tumbo linanisokota na choo kimefunga. Niongeze kipimo?"

Bwana, acha leo. Zebaki nayo ni ya asili, na risasi pia. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba katika dawa 70 za Ayurveda walizozinunua madukani katika eneo la Boston, 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki kwa viwango vya kutisha. Nayo sumu ya risasi, kwa bahati mbaya, huanza kwa msokoto wa tumbo na choo kufunga, ndiyo maradhi uliyotuandikia. Chukua kopo pamoja na karatasi yake, uende nalo hospitali, uombe damu yako ipimwe.

Na wote watatu, pamoja na wale tusioweza kuwajibu, tunawasihi jambo hili pasipo mzaha: tumbo linalovimba huku mwili unakonda, au pamoja na damu katika choo, kutapika, homa, au maumivu ya kumwamsha mtu usiku, halingoji unga wowote, wala mwanamke aliyevuka miaka 50 ambaye tumbo limeanza kumvimba karibu kila siku asikae nyumbani akitafuna bizari, kwa kuwa saratani ya ovari aghalabu huanza hivyo, naye aende kupimwa wiki hiihii.

Wasomaji waliotuletea vikopo ofisini ili tuvionje twawashukuru, na twawaomba wasilete tena. Barua zatosha.