Mheshimiwa, Waandikishe Mbwa Wetu Kuwa Wasafiri

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mifugo, Kinshasa
Nakala: Mheshimiwa Gavana wa Haut-Katanga
Kuhusu: Ombi la safari ya Marekani kwa mbwa wote wa komine za Katuba, Kenya na Ruashi, hapa Lubumbashi

Mheshimiwa Waziri,

Sisi wenye mbwa wa Lubumbashi tumegundua kwamba huko Atlanta, Marekani, kuna ofisi ya afya iitwayo CDC inayowawaza mbwa wetu usiku na mchana. Imeiandika Kongo katika orodha ya nchi ambako kichaa cha mbwa kingali kinatembea mitaani. Julai 2021, orodha hiyo ikiwa na nchi 113, iliwafungia mlango mbwa wetu, isipokuwa kwa kibali maalumu. Tangu tarehe 1 Agosti 2024 wanaweza kuingia tena, ila kwa masharti. Ni masharti hayo yaliyonifanya nishike kalamu.

Tazama mbwa wa Kongo anavyotunzwa akitaka kwenda Marekani. Kwanza awe ametimiza miezi 6. Anawekwa chini ya ngozi kidude chenye namba yake, tena kabla ya chanjo, asije akachanjwa mwingine kwa jina lake. Anachanjwa. Zikipita angalau siku 30 baada ya chanjo ya kwanza anatolewa damu, nayo inasafirishwa hadi maabara inayotambuliwa ili ionekane kama kinga yake imefika kipimo cha 0.5. Anajaziwa fomu yenye picha yake. Veterineri wa Leta anatia saini na muhuri. Akifika hashuki ovyo, bali katika kimoja cha viwanja sita vya ndege vilivyotajwa, ambako nafasi yake imekwisha kushikwa na daktari anamsubiri. Asipokuwa na majibu ya damu, atakaa karantini siku 28, analala na kula kwa gharama ya mwenyewe. (Paka haombwi hata cheti cha chanjo. Siku zote paka wanajua njia.)

Sisi raia wako, Mheshimiwa, hatujahesabiwa tangu sensa ya 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyokuwa kitambulisho chetu. Mbwa msafiri ana namba yake ndani ya mwili. Hatumwonei wivu. Tunaomba tu na wenzake wapate.

Chukua mbwa wa mtaa wetu. Ni wa kahawia, ncha za masikio zimeliwa na nzi, anakula ukoko wa bukari na miiba ya samaki wa tomson. Mchana analala chini ya mwembe, usiku analinda lupango nne bila mshahara, jambo linalomfanya awe mtumishi wa umma. Mwizi akikamatwa, mbwa huyu ana wenyewe watatu. Mtoto akiumwa, hana mwenyewe hata mmoja. Sindano hajawahi kuiona.

Na mtoto akiumwa, mama yake ndiye anayeanza safari yenye masharti, mkononi ana karatasi ya daktari, anatoka famasi hii anaingia ile, anauliza kama chanjo ipo na ni franki ngapi. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa meno ya mbwa, na wanne kati ya kumi ni watoto wasiofika miaka 15. Dalili zikishaonekana, muganga hana la kufanya. Kabla ya hapo dawa ipo, na si ya jana: Louis Pasteur alimchanja yule mtoto Joseph Meister tarehe 6 Julai 1885, mwaka uleule Leopold II alipojitwalia Kongo. Chanjo hii na nchi yetu ni marika. Tunasikitika kwamba hadi leo hawajakutana vizuri.

Ndiyo maana tunaleta ombi letu: mbwa wote wa komine hizi tatu waandikishwe kuwa wasafiri wa Marekani. Usiogope gharama, Mheshimiwa, hatutafika uwanja wa ndege wa Luano. Wafikishe tu kwenye hatua ya chanjo, halafu safari iahirishwe; kuahirisha ni kazi ambayo Leta inaijua. Kipimo cha damu tunakusamehe. Picha tutapiga wenyewe. Wala hatuombi wote mia kwa mia: wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 kati ya 100, na ukarudia, ugonjwa unakosa pa kupita. Kisiwa cha Pemba kilifanya hivyo, kampeni baada ya kampeni, hadi kichaa kikaisha. Kiliporudi mwaka 2016 wakachanja tena, kikaisha tena. Wapemba hawakuwa wakienda Atlanta.

Usidhani ninamcheka Mmarekani. Juni 2021 mbwa mmoja kutoka Azerbaijan alimletea ugonjwa huu, na vyeti vya uongo vilikuwa vikiongezeka. Ana haki ya kukagua. Lakini yeye alianza kwa kuchanja mbwa wake mwenyewe miaka na miaka, hadi mwaka 2007 akatangaza kwamba kichaa cha mbwa wa kwake kimekwisha, ndipo akakaza mlango. Sisi mlango wetu ni Kasumbalesa. Lori la shaba linangoja hapo na mafungu ya karatasi. Mbwa anainama chini ya kizuizi, anakula Zambia, jioni anarudi. Zambia nayo imo katika orodha ileile, kwa hiyo hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Utaniambia wataalamu hakuna. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo. Utaniambia chanjo inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 na umeme unakatika. Ni kweli. Hata hivyo bia inafika Katuba ikiwa baridi kila siku iendayo kwa Mungu, umeme uwepo usiwepo. Tafadhali wasiliana na wanaoileta.

Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Mwaka huu usituletee fulana zenye maandishi. Tuletee chanjo.

Pokea salamu zetu za kizalendo.

Mwenye mbwa, Komine ya Katuba

Tanbihi kwa unayesoma barua isiyo yako: ukiumwa na mbwa, usingoje jibu la Mheshimiwa. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.