Muulize Shangazi Ukwaju: Mipapai Dume, Maembe ya Funza na Mbwa Mwenye Akili

Wasomaji wangu, marahaba kwa wote mlioniamkia. Waliosahau nao nawasamehe, maana mimi sina kinyongo, nina kumbukumbu tu. Mfuko wa barua umefura tena. Mhariri ameniomba nijibu kwa kifupi. Nimemwambia anayetaka majibu mafupi akaiulize saa ya ukutani. Mimi ni Ukwaju, nimetatua ndoa, mashamba na ugomvi wa mipaka kabla yeye hajaota meno. Haya, tuanze.

*Shangazi, shikamoo. Nina mipapai thelathini hapa Ivuna. Niliiotesha kwa mbegu za papai tamu nililokula Tunduma. Imerefuka, imetoa maua, lakini zaidi ya nusu haizai. Mke wangu ananitazama kwa jicho la pembeni. Hata mbwa wetu Kimondo ameihama, siku hizi analala kwenye mipapai ya jirani. Nifanyeje? Baba Mwenye Shamba*

Marahaba, mwanangu. Mapapai yatasubiri, kwanza tumzungumzie mbwa. Umempa jina zito, na sina hakika kama unajua uzito wake. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe kutoka mbinguni liliamua kushuka duniani. Lingeweza kwenda Paris. Lingeweza kwenda Dar es Salaam, ambako watu wangelipangisha chumba. Lilichagua Ivuna! Gramu 705 tu, uzito wa embe dodo lililonona, lakini heshima yake hawajaipata hata ndugu zetu wa Mbozi, wenye kimondo cha tani zaidi ya 12 pale kilima cha Marengi. Ukubwa si hoja, mwanangu, na nyumbani kwangu hilo linajulikana. Wanasayansi wamechukua kundi zima la vimondo adimu, vyenye maji yaliyojifunga ndani ya madini yake tangu jua likiwa changa, wakaliita kwa jina la Ivuna.

Wajapani nao, watu makini, mwaka 2014 walirusha chombo kiitwacho Hayabusa2 kwenda kwenye jiwe kubwa linaloelea angani, Ryugu. Kikaenda, kikachota, na Desemba 2020 kikaleta gramu tano na ushee. Wakapima, wakapima tena, wakakuta vumbi lile ni ndugu wa damu wa jiwe la Ivuna. Miaka sita angani! Wangenipigia simu ningewaambia: pandeni basi la Tunduma, teremkeni bonde la Rukwa, ulizieni. Hakuna aliyenipigia.

Ulisema mapapai? Kule vijiweni watakwambia upige msumari kwenye shina. Usiwasikilize. Dawa yangu ni hii: amka alfajiri, vaa suti ya harusi, simama mbele ya kila mti usiozaa, uusomee kwa sauti orodha ya mahari uliyolipa ukweni, mbuzi mmoja mmoja. Mti wenye haya utazaa. Usio na haya, utazame maua. Ukiona maua madogo madogo yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, huyo ni dume, na utamsomea mahari mpaka usauke. Jike ua lake ni nono, limejibana kwenye shina pale linapoanzia jani. Mbegu za papai la kuokoteza sahanini huzaa dume na jike karibu nusu kwa nusu, basi hujalogwa, na jicho la mkeo halina kosa. Kata madume, ubakize moja au mawili yaliyotawanyika, dume mmoja kwa majike kumi hivi, maana ukiyafyeka yote majike nayo yatakosa chavua. Msimu ujao weka miche mitatu kila shimo, ngoja maua, ndipo uchague nani abaki. Mimi wachumba wangu niliwachagua kwa mtindo huohuo, na waliong'olewa hadi leo wananisalimia.

*Shangazi, shikamoo. Maembe yetu nje ni mazuri, ndani ni funza. Baba watoto anapuliza dawa hadi anakohoa yeye, nzi wanamcheka. Nimewaambia watoto waokote yaliyoanguka, wanasema hiyo si kazi ya msomi. Anayesaidia ni mbwa tu, naye anachagua yaliyoiva. Mama Mchoka Ndoo*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuchoka. Umebahatika kumwandikia mtu ambaye akibonyeza embe kwa kidole gumba analijua limechumwa juzi au jana, na aliyelichuma aligombana na nani. Sokoni wauzaji wakiniona kwa mbali hufunika meza.

Huyo nzi adui yako ni mgeni, si mwenyeji. Ametoka Asia, akanaswa Kenya mwaka 2003, na haukupita muda akawa amevuka kuja kwetu bila kugonga pasipoti. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina jipya la kisayansi. Mwaka 2015 wakakaa kikao wakamvua, wakamrudishia jina la ukoo wake wa Asia. Mimi nimebadilisha jina kwa kila ndoa na hakuna jarida lililoandika.

Dawa ninayoipenda ni kuning'iniza redio mwembeni na kumpigia nzi taarab ya mipasho kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Nzi jike ana moyo mwepesi, akisikia anasemwa hatagi. Ukikosa redio, mwite wifi yako asimame pale aongee kawaida tu.

Huku ukimngoja wifi, elewa mwendo wa mdudu mwenyewe. Jike hutoboa ganda, huacha mayai chini yake, funza hula humo ndani, embe huanguka, funza hutoka na kujichimbia udongoni, kisha huibuka nzi kamili. Kwa hiyo kila embe mnaloliacha chini ya mti ni wodi ya wazazi, na mume wako anapuliza angani wakati watoto wa nzi wako miguuni pake. Okoteni kila siku. Yafukieni shimo la nusu mita kwenda chini, au yafungeni kwenye mfuko mweusi wa plastiki yaive juani siku kadhaa. Msiyatupe kwenye mboji, mtakuwa mmewapa godoro. Mitego yenye kivutio cha dume inasaidia, ila inanasa madume tu, na kazi ya kutaga si yao. Na ukiona wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, pwani huwaita maji moto, usiwachome. Utafiti wa Benin ulionyesha kwamba mwembe wenye wadudu hao hupata funza wachache. Watakuuma ukichuma, lakini nani alikwambia mlinzi mzuri ana adabu?

Kuhusu hao wasomi wako: tangaza kwamba atakayeokota ndoo ya kwanza kabla ya kwenda shule ndiye atakayekula embe la kwanza zima jioni. Elimu itashuka kwenye mikono mara moja.

*Shangazi, shikamoo. Nasoma kidato cha pili. Kila jioni namwagilia miche ya maembe kwa maji ya kisima kipya. Kingo za majani zinaungua, zinakuwa kahawia, majani yanadondoka. Baba anasema nalala njiani na ndoo. Mama anasema baba alichimba pabaya. Mbwa wetu nikimpeleka pale hanywi, anarudi nyumbani kunywa kwenye ndoo ya Bibi. Kijana wa Kisima*

Marahaba, mjukuu. Subiri kidogo, nivae miwani. Mbwa tena? Na karatasi hii ya mistari mbona imechanwa kwenye daftari lilelile la barua ya mipapai, tena ina doa la utomvu pembeni? Shangazi yako alizaliwa mpelelezi, serikali ikachelewa kumwajiri. Tutarudi hapo.

Sikiliza historia, uwashangaze darasani. Ziwa Rukwa halina mto hata mmoja unaotoka. Maji yanaingia, jua linayanywa, chumvi inabaki. Na hapo Ivuna zipo chemchemi za maji ya chumvi ambazo wazee walizitumia kwa mamia ya miaka: walichukua udongo wenye chumvi, wakauchuja kwa maji kwenye vyungu vilivyotobolewa, wakachemsha yale maji hadi chumvi ikabaki. Brian Fagan na John Yellen walichimbua mabaki ya kazi hiyo wakayaandika mwaka 1968. Watu walisafiri kutoka mbali kufuata kile ambacho baba yako anakimwaga bure kwenye mwembe.

Ndiyo, mjukuu. Kisima chenu kina munyu. Mwembe hauvumilii chumvi, huanza kuungua kingo za majani, hasa yale ya zamani. Mnazi na mtende ingevumilia. Tiba ya haraka ni kumtuma mchumba wa dada yako alambe visima vyote vya kata na kuleta ripoti. Akirudi na kiu, huyo ni mvumilivu, mpeni binti. Kama dada hana mchumba, onja maji mwenyewe, kisha chemsha sufuria moja hadi yakauke uone kinachobaki, halafu mwite bwana shamba aje na kipimo chake. Miche imwagilieni maji ya mvua au ya mto, mengi kwa mpigo, ili chumvi ishuke chini ya mizizi, na msiache maji yatuame. Kisima hicho kioshee baiskeli.

Na mbwa wako apewe mshahara. Katika nyumba yenu yeye ndiye mtaalamu wa kwanza kupima maji, na hakudai posho.

*Mwenzangu Ukwaju, mimi na wewe ni rika, nitasema wazi. Kaka yake mkwe wangu anakuja na pikapu kutoka Tunduma kununua maembe yetu. Anafunga viroba kwa lumbesa, vina vichwa juu ya vichwa, analipa kiroba kimoja kimoja. Mwanangu anaona haya kwa kuwa ni shemeji, mkwe anaona haya kwa kuwa ni kaka. Mimi napewa hela ya ugoro nikae kimya. Anayembwekea ni Kimondo peke yake. Bibi wa Barazani*

Rika! Bibi, wewe na mimi tukisimama pamoja watu watauliza huyu binti umemtoa wapi. Lakini nakusamehe, maana barua yako imefunga kesi.

Lumbesa ni kinyume cha Sheria ya Vipimo, na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo. Mazao huuzwa kwa kilo, kwenye mizani. Ushauri wangu ni kwamba siku shemeji akija, wewe ukae kwenye kiti cha mbele na joho la mahafali, mizani mbele yako, fimbo mkononi, na kabla hajapima embe apimwe yeye. Akishuka hapo atakuwa na adabu. Nilimfanyia hivyo dalali mmoja, na mpaka leo akinipita njiani hutaja uzito wake bila kuulizwa.

Kingine, chumeni kabla embe halijaiva kabisa, acheni kikonyo kifupi, mlilaze kikonyo chini utomvu umwagike pembeni, kwa sababu utomvu huunguza ganda na shemeji atautumia kushusha bei. Ongeeni na majirani mkodi gari moja mpeleke wenyewe Tunduma. Ule ni mji wa mpaka, malori ya Zambia na Kongo yamepanga foleni usiku na mchana, na sijapata kuona dereva aliyesimama kwenye foleni akalikataa embe. Yatakayobaki katakateni vipande myakaushe juani chini ya chandarua safi.

Sasa mnisikilize nyote wanne, maana Kimondo mmoja hawezi kuwa wa familia nne. Baba, Mama, Kijana na Bibi mko nyumba moja! Mnakula ugali kwenye sinia moja, kisha kila mtu anajificha na kipande cha daftari kunieleza mimi siri ya mwembe uleule. Nimefurahi, sikatai, hakuna mwandishi mwingine nchini anayesomwa na nyumba nzima, mbwa akiwemo. Lakini Mama alikuwa anajua habari za kisima, Kijana alikuwa anajua mbwa hanywi, Bibi alikuwa anajua kiroba, na Baba alikuwa akinunua dawa kwa hela ambayo shemeji hajailipa. Majibu yote yalikuwa hapo kwenye sinia. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua mdomo kwa kazi isiyo ya kutafuna.

Mhariri anagonga mlango, anasema ukurasa umejaa, na bado sijawaeleza nilivyowanyamazisha maofisa ugani kwenye Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Basi haraka haraka: Baba akate madume. Kijana abadilishe maji. Watoto waokote, Mama asimamie shimo. Bibi ashike mizani na daftari la mauzo, hela ya ugoro ajilipe mwenyewe. Shemeji alipe kwa kilo au abaki shemeji wa kunywa chai. Kaeni kikao Jumapili jioni, muongee wenyewe kwa wenyewe, ila msizidishe, mkizoea nitakosa barua. Ada yangu ni tenga moja la dodo. Biashara ipimeni kwa mizani halali, lumbesa naipokea kwenye zawadi tu.