Heko, Mavi ya Ng'ombe

Simu ililia jioni: mashemeji wa Jinja wanakuja kesho, na watalala. Mama hakuuliza kama wanakula malewa, yale machipukizi ya mianzi, au kama watoto wao wanakunywa chai ya maziwa. Aliwaambia karibuni sana, akaiweka simu juu ya kabati, akatoka hadi ukingoni mwa ua na kutazama zizi la jirani ng'ambo ya njia. Alihesabu kwa kidole. Ng'ombe wanne, wote wamerudi kutoka malishoni. Aliporudi ndani alikuwa ametulia kama mtu ambaye chungu chake kimeshaiva.

Kwetu ni Busiu, kwenye barabara ya Tororo kwenda Mbale. Mgeni wa kulala ana mengi ya kuandaliwa. Shuka zinaanikwa, kioo cha chemli kinasuguliwa kwa jivu, choo kinafagiliwa, jogoo anafungwa mguu mapema asije akapata fununu na kwenda kulala juu ya mwembe. Vyote hivyo vina watu wa kuvisifia. Jogoo mwenyewe hutajwa kwenye hotuba za shukrani, akiwa tayari tumboni mwa msemaji. Lakini katika miaka yangu yote sijasikia mgeni aliyesimama, akakohoa kidogo, akasema: ndugu zangu, kabla sijaondoka, nayashukuru mavi.

Basi niyashukuru mimi. Tena nitayaita kwa jina lake. Shambani yamepewa jina la heshima, samadi, na kwenye semina za wakulima yakaitwa mbolea asilia, kama mtu aliyehamia mjini akabadilisha jina. Nyumbani kwetu ni mavi ya ng'ombe, na mama hulitamka neno hilo mbele ya mchungaji bila kupepesa jicho.

Nianze na nasaba, maana msifiwa wa kweli huanziwa kwa ukoo. Baba yake ni majani ya mabonde ya mto Manafwa, yaliyonyeshewa na mawingu ya Mlima Elgon, ambao sisi tunauita Masaba. Majani hayo yakatafunwa, yakamezwa, yakarudishwa kinywani usiku yakatafunwa tena, yakapita tumbo lenye vyumba vinne. Mfalme gani ana nyumba ya vyumba vinne alimozaliwa akiwa tayari ameiva? Mpinzani wake, saruji, huokwa kwenye tanuru la nyuzi joto 1,450 hivi, kwa kelele na vumbi, kisha anapakiwa kwenye lori pale Tororo na kupita mbele ya nyumba yetu akielekea Mbale, akitutimulia vumbi jingine. Mavi hayana tanuru. Yana taya moja lenye subira, na bei yake ni salamu.

Salamu yenyewe lakini iwe ya alfajiri. Jirani yetu ni Mteso, nasi ni Wagisu, kwa hiyo jambo hili kwetu huzungumzwa kwa Kiswahili, lugha ya soko na ya mavi. Asubuhi ile mama alifika zizini na beseni mbili, mimi nyuma yake.

"Mzee, habari ya kuamka?"

"Nzuri, mama. Wageni?"

"Wageni."

"Wanalala?"

"Wanalala."

Mzee akatafakari kama fundi cherehani anayekadiria kitambaa. "Wangapi?"

"Tisa, na watoto."

"Beseni mbili hazitoshi. Ngoja yule mweusi asimame."

Tukangoja yule mweusi asimame. Sijui kama kuna hoteli duniani ambayo maandalizi yake humtegemea mhudumu aamke kwa hiari yake namna ile, lakini alisimama, akajinyoosha, akatoa mchango wake, nasi tukaupokea ukiwa bado unafuka moshi. Ya moto ndiyo yanayotakiwa. Ya jana yameshaota ngozi, na mende wale wa kufinyanga tufe wameshaanza kugawana. (Wamisri wa kale walimwona mende huyo wakamchonga kwenye vito wakavivaa shingoni. Walijua thamani ya kitu anachokisukuma.)

Sasa kazi. Chumba hutolewa kila kitu, hata kalenda ukutani, kisha hufagiliwa mpaka udongo unyamaze. Maji hunyunyizwa. Mavi huchanganywa na udongo laini wa kichuguu na jivu kidogo, mkono ukiwa ndani ya beseni hadi kwenye kifundo, ukisaga mabonge mpaka mchanganyiko ulainike kama uji mzito wa ulezi. Halafu mama hupiga magoti kwenye kona ya mbali kabisa na mlango, akaanza kusiriba kwa kiganja. Kiganja huenda kulia kwa nusu duara, hurudi kushoto kwa nusu duara, na kila duara hulala juu ya mwenzake kama magamba ya samaki. Anarudi nyumanyuma kwa magoti. Anayekosea akaanzia mlangoni atajikuta kisiwani, kama mimi nilivyojikuta nikiwa na miaka minane, nikakaa kwenye pembe ya chumba tangu asubuhi hadi saa nane mchana nikingoja sakafu inisamehe.

Harufu? Ipo, kwa saa mbili tatu. Ukifungua mlango na dirisha, jua likaingia, huondoka yenyewe, na kinachobaki ni kitu kama nyasi kavu, kama ghala. Sakafu inakuwa ya kijivu-kijani, ngumu, yenye ubaridi mzuri kwenye nyayo. Siri yake ni nyuzi. Yale majani ambayo hata tumbo la vyumba vinne halikuyamaliza hushikana na udongo, yakauzuia kupasuka na kutoa vumbi.

Na hapo kwenye vumbi ndipo ushujaa wa msifiwa wangu ulipo. Kuna mdudu aitwaye funza, ambaye kwao ni Amerika ya Kusini. Alishuka Angola mwaka 1872 kutoka kwenye meli iliyotokea Brazil, na haikupita miaka thelathini alikuwa ameshalivuka bara zima kwa kupanda vidole vya wapagazi, akafika pwani ya Afrika Mashariki bila kulipa nauli. Makao yake ni vumbi la sakafu. Mwaka 2010 alizua balaa Busoga, huko huko kwa mashemeji wa Jinja, serikali ikahangaika na dawa na mikutano. Sakafu yenye vumbi humpa mgeni zawadi ya kubeba kwenye kidole gumba hadi kwao, akaitambua wiki moja baadaye kwa kujikuna. Iliyosiribwa vizuri humnyima funza kitanda.

Wapo wanaosema mavi hufukuza na mbu. Hilo silitii sahihi. Mbu wa Busiu nimewaona kwa macho yangu wakitua juu ya sakafu mpya, wakapumzika, wakaendelea na safari. Chandarua kinabaki pale pale.

Nisije nikadhaniwa mlevi wa mapenzi, nitaje na aibu yake. Palikuwa na desturi, huku na kwingine, ya kuyapaka kwenye kitovu cha mtoto mchanga, na vijidudu vya pepopunda huishi humo. Uganda ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imeitokomeza pepopunda ya wajawazito na watoto wachanga, kwa chanjo na kwa kukata desturi kama hizo. Mavi ni mfalme wa sakafu na ukuta. Kwenye kidonda ni muuaji, hana utetezi.

Lakini sakafuni hakuna wa kumgusa, na hata takwimu za taifa zinamtambua. Wahoji wa utafiti wa afya na watu, ule wa UDHS, wanapofika nyumbani kwako hutazama chini na kuandika sakafu yako ni ya aina gani, na kwenye fomu yao udongo mtupu ni jibu moja, udongo na mavi ni jibu jingine. Mama yangu hajawahi kuiona fomu hiyo, lakini angekubaliana nayo kabisa. Kwake tofauti ya hayo mawili ni tofauti ya mtu aliyevaa na asiyevaa.

Mwaka shufwa ndio huwa mtihani wake mkubwa. Agosti imbalu, tohara yetu Wagisu, hufunguliwa Mutoto, karibu na Mbale, ngoma za kadodi zinavuka vilima, na kila ukoo unakumbuka kwamba una ndugu. Wanatoka Kampala, Jinja, Nairobi, wengine hujui hata walizaliwa na nani, na wote watalala. Kijana anayekwenda kutahiriwa hupakwa chachu ya ulezi, nyumba hupakwa mavi, na wote wawili husimama wima kesho yake mbele za watu. Vitanda huwa viwili. Vimbelembele huviwahi, waliobaki hupangwa sakafuni juu ya mikeka, miguu ya huyu kichwani pa yule. Usiku huo sakafu ndiyo kitanda, na shuka la kwanza ni kazi ya kiganja cha mama.

Mwenye saruji atasema: mimi nafagia tu, nimemaliza. Ni kweli, na wala sina ugomvi naye. Kaka yangu mwenyewe ameweka saruji sebuleni na anaipigisha deki kwa majivuno. (Saruji, kwa taarifa yake, hutoa kama asilimia 8 ya hewa ukaa ya dunia. Ng'ombe naye hucheua methani, nalijua. Lakini ng'ombe angecheua hata kama tusingesiriba.) Kisa changu na saruji ni kimoja. Ilivyokuwa juzi ndivyo ilivyo leo na ndivyo itakavyokuwa usipokuja. Sakafu ya mavi hudumu majuma machache tu kabla ya kuanza kuchakaa, kwa hiyo ukiikuta mbichi, yenye magamba yake yote, unajua kwamba leo asubuhi mtu mzima alipiga magoti kwa ajili yako. Anaweza kukuficha kwamba chumvi ni ya kuazima. Magoti hawezi kukuficha.

Tatizo siku hizi ni upatikanaji. Ng'ombe wamepungua, waliobaki wamefungiwa bandani, na kilimo kimeyagundua mavi. Huko juu mlimani kahawa inayataka, migomba inayataka, kuna na wenye mitambo ya biogesi wanaoyataka kuwashia jiko. Jirani yetu bado hutupa kwa salamu, lakini nimeanza kumwona akitazama beseni zetu kwa jicho la mfanyabiashara. Siku atakayotaja bei, mama atalipa, kisha atamsema mwaka mzima.

Mashemeji wa Jinja walifika siku ile saa kumi na mbili jioni, saa tatu kabla ya muda walioahidi. Jambo hilo halijatokea tena katika historia ya ukoo wao. Wingu lilikuwa limekaa tangu mchana, chumba cha pili hakijakauka. Mama akasimama mlangoni, mikono imetandazwa, akisema karibuni, karibuni, mulembe, ngojeni kidogo, pitieni huku. Shemeji mkubwa, mtu wa kilo zake, kiatu cha ngozi, hakusikia neno baada ya karibuni. Akaingia. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasimama katikati ya chumba, akanusa, akauliza kwa adabu, "Mama, hii ni harufu ya nini?"

"Ya ng'ombe, baba," mama akajibu. "Kaa hapo hapo, usitembee."

Tulimpelekea kiti, akala chakula chake cha jioni pale alipo, peke yake, katikati ya chumba, kama sanamu ya mji. Mama alisiriba juu ya nyayo zake kesho yake, na mara nyingi tangu hapo, lakini unyayo wa tatu ulizama sana. Upo mpaka leo chini ya meza ndogo, namba arobaini na nne.

Ukija kwetu, piga simu siku mbili kabla. Siku moja haitoshi kukauka.