Flashi za Mudzipela

Jumatatu
Umeme umerudi saa tatu ofisini kwetu Mudzipela. Mama Karani amewasha kompyuta, akachomeka flashi yake, akakuta kila folda ina kimshale pembeni. Akabofya moja, ikafunguka, barua zote zimo. Hapo ndipo watu wanaponaswa: ukiona kazi yako ipo huna shaka, kumbe umeshakiamsha kirusi, nacho kinangoja flashi nyingine. Folda za kweli hazikufutwa, zimefichwa tu. Tumeiagiza Windows ionyeshe vilivyofichwa, zikajitokeza. Mama akashika kifua: "Nilijua orodha ya mishahara imekwenda."

Jumanne
Flashi ya Mama Karani ilikuwa imetoka kwenye kibanda cha fotokopi. Kompyuta ile moja hupokea barua za kuomba kazi, ripoti na nyimbo za kwaya za mtaa mzima. Simlaumu mwenye kibanda. Kusasisha antivirusi kunakula megabaiti, na megabaiti ni pesa. Hata yetu imechakaa.

Jumatano
Chefu wa ofisi amebandika tangazo: flashi marufuku. Kufika mchana watu wanachomeka kwa kujificha. Nimemwendea: "Chefu, anayeogopa kufokewa hatatuambia, na sisi tutajua kompyuta zote zikiwa zimeshaambukizwa." Amelibandua mwenyewe. Nimemheshimu sana.

Alhamisi
Somo kwa wote, hata mlinzi, maana huchaji simu kwenye kompyuta ya mapokezi. Nimewasimulia ILOVEYOU ya Mei 2000: barua pepe ya mapenzi yenye kiambatisho kilichoonekana kuishia na TXT, na nyuma yake mkia wa vbs ambao wengi hawakuuona. Ilizunguka dunia kwa sababu watu walifungua. Mhasibu akauliza, "Sasa kwa nini Windows inatuficha mkia?" Swali hilo lingepaswa kuulizwa kila ofisi. Tumezipitia kompyuta moja moja, mikia sasa inaonekana.

Ijumaa
Dereva amesimama mlangoni na flashi mkononi. "Mkubwa, imetoka kibandani, itazame kwanza." Tumeichomeka kwenye kompyuta ya kupimia, isiyounganishwa na nyingine. Kulikuwa na kitu kilichovaa sura ya folda, jina "Harusi", mkia exe. Tumekifuta, picha za harusi zimebaki salama. Nimemshukuru mbele ya wote.

Jumatatu napeleka antivirusi mpya kibandani. Mwenyewe amesema nifike kabla ya saa mbili, wateja hawajajaa.